Malalamiko Kuhusu Umeme Uliokataa Kukatika

Kwa Meneja,
Ofisi ya Umeme ya Wilaya,
Dirisha la Malalamiko.

Alhamisi mchana, siku moja baada ya dhoruba

Ndugu Meneja,

YAH: UMEME KUTOKATIKA NYUMBANI KWANGU SIKU YA DHORUBA

Kichwa hicho cha barua naomba ukisome mara mbili. Najua watu wako wa dirishani wamezoea barua za aina nyingine, na yeyote atakayeifungua hii atadhani kalamu imeniteleza. Haijateleza. Nalalamika kwamba umeme haukukatika, wakati nyinyi mlisema utakatika, na wakati mimi nilikuwa tayari.

Mimi ni mtunza stoo wa shule, mwaka wa kumi na tisa sasa. Stoo yangu haijawahi kupoteza hata boksi moja la chaki. Kila rafu ina karatasi yake, kila ufunguo una namba, na mwalimu mkuu mwenyewe akitaka ufagio anasaini kwanza. Nakueleza haya ili ujue anayekuandikia si mtu wa kukurupuka.

Jumapili iliyopita ofisi yako ilitutumia ujumbe kwenye simu. Nimeunakili hapa neno kwa neno: "Mteja mpendwa, kutokana na dhoruba kali inayotarajiwa Jumatano, tarajia kukosa umeme kwa muda mrefu. Jiandae mapema." Niliusoma mbele ya familia nikiwa nimesimama wima. Mke wangu akataka kujua kwa nini nimesimama kwa ajili ya ujumbe wa simu. Nilisimama kwa sababu ujumbe huo nilikuwa nausubiri mwaka mzima.

Hapo inabidi nikurudishe nyuma kidogo, na sitakuficha kitu. Mwaka jana ilipopita dhoruba ile nyingine, umeme ulikatika saa sita mchana. Mama mkwe wangu, ambaye tunaishi naye, anachoma sindano za sukari, na dawa yake lazima ikae kwenye baridi. Akaniuliza dawa tutaifanyaje. Nikamjibu, huku nimejinyoosha kwenye kochi, kwamba umeme utarudi sasa hivi. Ulirudi siku ya tatu. Dawa iliharibika, sukari ikapanda, mama akalazwa siku mbili. Yeye hakunilaumu hata kwa jicho. Wengine walinilaumu kwa niaba yake. Tangu hapo mtaani naitwa Sasa Hivi. Kwa kinyozi ni Sasa Hivi, dukani ni Sasa Hivi, na binti yangu mwenyewe niligundua kwamba ndivyo alivyoniandika kwenye simu yake. Jina hilo nimelizoea. Ile picha ya mama kitandani, mrija mkononi, akiniuliza mimi kama nimekula, hiyo sijaizoea.

Kwa hiyo mlipoandika "jiandae", mjue mlikuwa mnamwandikia mtu anayetaka kujisafisha. Malalamiko yangu ni haya.

1. Kwamba mlinitaka nijiandae, nikajiandaa, kisha nyinyi hamkutokea.

Jumatatu na Jumanne niliomba ruhusa kazini. Madirisha yote saba niliyaziba kwa plaiwudi kutoka nje, nikapigilia misumari hadi mwanga ukakosa pa kupenyea. Tangi la maji nililifunga kamba mara nne. Matawi yaliyokuwa yameegemea waya wenu niliyakata mwenyewe, kazi ambayo kwa haki ni ya kwenu, lakini hilo silidai. Ndoo, sufuria, madumu, na lile beseni tulilokuwa tukimwogeshea binti yetu alipokuwa mchanga, vyote vilijazwa maji na kubandikwa karatasi: YA KUNYWA, YA KUPIKIA, YA CHOONI, na ndoo moja ndogo YA DHARURA NDANI YA DHARURA. Chupa kumi na mbili ziligandishwa kwenye friza, ili baridi ikipungua zihamie kwenye kasha la dawa ya mama. Kila chumba kina tochi inayoning'inia kwenye msumari, kushoto mwa mlango, kimo cha kiuno, mkono uipate gizani bila kupapasa. Mtungi wa gesi ulijazwa. Vyeti vya familia viliingia kwenye mfuko wa plastiki, na mfuko ukaingia kwenye mfuko mwingine. Mishumaa niliipiga marufuku, maana nyumba yenye mbao madirishani haichezewi na moto. Mke wangu alikuwa ameficha mitatu ndani ya soksi. Niliikamata, nikaiandikia hati ya mapokezi, nikamfanya asaini.

Utaona mwenyewe kwamba upande wangu hakukuwa na kasoro.

2. Kwamba mafunzo ya watu wanne yamekwenda bure.

Jioni tatu mfululizo, kabla ya chakula, familia yangu ilijifunga vitambaa machoni na kutembea kutoka sebuleni hadi jikoni na kurudi. Mke wangu aligonga kabati mara mbili, na mara ya pili alisema neno ambalo sitaliandika kwenye barua ya ofisi. Binti yangu alifaulu vizuri. Bingwa alikuwa mama mkwe. Alitoka chumbani kwake hadi kwenye friji, akachukua kasha la dawa na kurudi nalo, kwa hatua ishirini na tatu, bila kugusa ukuta hata mara moja. Nilimwandikia cheti nikakigonga mhuri wa stoo. Leo asubuhi ameniuliza cheti hicho atakitumia wapi.

3. Kwamba mmemfanya fundi wangu aonekane alikuja kutembea.

Jumanne alasiri fundi umeme alifunga betri mbili kubwa kwenye korido yetu pamoja na inveta, ile mashine inayochota umeme kwenye betri na kuupeleka kwenye taa, friji na feni. Wakati anamalizia, mimi nilikuwa juu ya paa nakaza tangi, kwa hiyo maelezo alimpa mama mkwe, aliyekuwa amekaa hapohapo koridoni akichambua maharage. Niliposhuka, fundi alikuwa ameshakimbilia kwa mteja mwingine. Mama alitaka kunieleza alichoambiwa. Nikamwomba apumzike, mambo ya mashine aniachie mimi.

Na kweli sikuhitaji kuelezwa. Mashine ina kitufe kimoja tu, chekundu, kikubwa kama kizibo cha soda. Mtu yeyote aliyewahi kutunza vifaa anajua kwamba kitufe chekundu ni cha kuwashia siku ya hatari. Nikatangaza rasmi kwamba kitabonyezwa na mimi peke yangu, mara giza litakapoingia. Humu ndani nimebandika karatasi kwenye kila kitu, hata kwenye kopo la chumvi. Kitufe hicho tu ndicho sikukibandika. Niliona ni kukivunjia heshima.

4. Kwamba mlinikalisha kwenye kigoda kwa saa tisa nzima.

Dhoruba ilifika Jumatano saa tatu asubuhi, kwa wakati wake, na kwa hilo nawapongeza waliohusika. Mabati yalilia, mvua ikapiga mbao za madirisha utadhani inadai kuingia, na kwa vile nyumba ilikuwa imezibwa kote, ndani tulikuwa tunategemea taa mchana kweupe. Nilikaa kando ya inveta nimevaa koti la mvua na tochi ya kichwani. Familia yote ilikuwa koridoni pamoja nami, maana ndiko hakuna dirisha.

Dakika chache baadaye taa zilipepesa. Mara moja tu. Nikanyoosha kidole. Zikaendelea kuwaka. Nikakirudisha kidole. Hicho ndicho kitu pekee mlichonipa kwa siku nzima, ndugu Meneja, kupepesa kumoja. Inveta ilianza kunguruma kwa chini, na taa yake ndogo ya kijani ikageuka njano. Nikajua nayo inajiweka tayari, na nikaionea huruma.

Redio ya betri ilisema kwamba mitaa mingi ya mji imeshakatikiwa. Ikaanza kuitaja mmoja mmoja. Ikataja mtaa wa sokoni, ikataja wa hospitali, ikataja hata ule wa nyuma ya uwanja ambao una nyumba sita tu, kisha mawimbi yakapotea kabla haijafika kwetu. Nikaelewa kwamba sisi hatumo kwenye orodha. Binti yangu akaniuliza kwa nini nimekunja uso wakati tuna mwanga. Nikamwambia akikua ataelewa.

Mara tatu niliamua kukijaribu kitufe hivyohivyo, umeme upo au haupo, angalau nijue kinafanyaje. Na mara zote tatu, kidole kikiwa kimeshakaribia, mama mkwe aliniambia, "Mwanangu, zamu yako." Tulikuwa tunacheza drafti. Nikigeukia ubao nakuta kete yangu moja haipo. Anaiba, ndugu Meneja, na anaiba huku anakutazama machoni. Nilifungwa michezo sita mfululizo. Vipigo hivyo nawaandikia nyinyi, kwa sababu mtu anayesubiri giza hawezi kuweka akili kwenye kete.

5. Kwamba umeme mliokataa kuukata ulikuwa dhaifu.

Hapa naomba tuongee kiutu uzima. Kama mmeamua kuleta umeme, leteni umeme. Saa saba mchana mke wangu alichomeka birika la umeme. Inveta ikapiga kelele tii tii tii, taa zikafifia, friji ikakohoa, na hali haikutulia hadi birika lilipochomolewa. Chai ikachemshwa kwa gesi. Binti yangu akajaribu pasi, mambo yakawa yaleyale. Nauliza, huu ni umeme gani usio na nguvu za kuchemsha chai wala adabu ya kuondoka?

6. Kwamba mmenifanya nichekwe na majirani.

Upepo ulipotulia, saa kumi na mbili jioni, jirani yetu fundi cherehani alibisha hodi. Alikuwa na simu nne, tochi mbili na taa ya cherehani yake, anaomba kuchaji. Kila mwisho wa mwezi yeye husahau kununua umeme, hivyo sikushangaa. Kilichoniudhi ni kwamba alisimama katikati ya sebule yangu akaitazama taa inavyowaka, kisha akasema kwa kuvuta pumzi kwamba sisi tumejaliwa. Aliona plaiwudi, aliona ndoo, aliona koti langu la mvua, na bado akasema hivyo. Nilimchajia vyote, lakini kwa uso ninaoutumia kwa walimu wasiorudisha vitabu.

7. Kwamba mfano wenu wa kulegalega umeambukiza mtaa mzima.

Leo asubuhi, mke wangu alipokwenda kazini kwake kwenye duka la dawa upande wa pili wa mji, mimi nilitoka kubandua mbao. Nikaenda na dukani kununua misumari. Sikusimama kuongea na mtu, nikijua nitaitwa jina langu, lakini macho nilikuwa nayo. Mchomelea vyuma alikuwa amelalia geti ambalo halijaisha. Mama wa duka alikuwa anauza soda za moto. Kinyozi alikuwa amekaa nje, mikono mifukoni, na pembeni yake mteja aliyevaa kofia. Kofia ilipopeperuka nikaona amenyolewa upande mmoja. Nilimtambua. Ni yuleyule aliyekuwa kitini Jumatano asubuhi nilipopita, kabla ya upepo kuanza. Mtu ameachwa na nusu kichwa tangu jana, kinyozi anatazama mawingu. Umeme upo, mashine ipo, kichwa kipo. Nikasema moyoni kwamba kweli mvua imepita na akili za watu.

8. Kwamba vijana wenu wanashangiliwa bila sababu.

Saa nne asubuhi leo gari lenu lilikuja. Vijana wawili walipanda nguzo ya pale kona, wakahangaika nayo nusu saa, wakashuka. Waliposhuka mtaa mzima ukapiga vigelegele. Fundi cherehani alimkumbatia mmoja wao. Mimi nilikuwa juu ya ngazi yangu na nyundo mkononi, na nasikitika kusema kwamba sikupiga hata kofi. Wamerekebisha nini? Kwangu umeme ulikuwepo kabla hawajapanda, na ulikuwepo baada ya kushuka. Nilipoingia ndani nikakuta inveta imenyamaza na taa yake imerudi kijani. Bila shaka ilikuwa imekata tamaa.

9. Hili la mwisho ndilo lililonifanya nichukue karatasi.

Mke wangu ana kaka yake, shemeji yangu, anayeishi mji wa mbali ambako dhoruba hii waliisikia tu. Ana jenereta lenye magurudumu, nasi tumeshaonyeshwa picha zake kutoka pande zote. Tangu mama alipolazwa, shemeji anasema ahamie kwake, kwenye usalama. Si mtu mbaya. Anampenda mama yake, na mwaka jana alikuwa na haki ya kukasirika. Lakini yeye na mkewe wanatoka asubuhi na kurudi jioni, na mama atashinda na televisheni na jenereta. Tulikubaliana kwamba dhoruba hii ndiyo itakayoamua. Nyumba yangu ikilimudu giza na dawa ikibaki salama, mama anabaki. Ikishindwa, anaondoka. Jumapili hii shemeji anakuja na gari kwa kikao cha familia.

Leo asubuhi nilimpigia. Kwa kuwa kudanganya sijui, nilimwambia ukweli kwamba kila kitu kilikuwa tayari ila umeme haukukatika. Akasema, "Basi bado hujapimwa, shemeji." Baada ya hapo akaniuliza kama zipu ya begi kubwa la mama bado ni nzima.

Ndugu Meneja, mama yangu mzazi alifariki nikiwa darasa la tatu. Huyu nimekaa naye miaka sita. Nikirudi kazini ndiye anayeniuliza nimeshindaje, na anasubiri jibu. Ananiita mwanangu hata akinikasirikia, na kete zangu anazoniibia ananirudishia chini ya mto. Sitaki aende. Nimeandika kurasa nyingi kuhusu tochi na mabirika, lakini nilichotaka kukuambia ni hicho tu.

Kwa sababu hiyo, na kwa heshima zote, naomba nilipwe fidia ya giza kama ifuatavyo:

(a) Umeme ukatwe nyumbani kwangu Jumapili kuanzia saa nne asubuhi, kikao kinapoanza, kwa muda usiopungua saa sita. Majirani waachiwe wa kwao, hawana kosa.

(b) Ukatwe ghafla. Ila mimi nijulishwe dakika tano kabla, niwe karibu na kitufe, na nipate nafasi ya kufanya uso wa kushtuka.

(c) Kama mnaweza kuzungumza na watu wa hali ya hewa mkapata upepo kidogo, itapendeza. Usipopatikana, mimi na binti yangu tutatikisa bati.

(d) Shemeji akipiga simu kwenu kuuliza kulikoni, mtu apokee. Najua hili ni kubwa kuliko mengine yote niliyoomba, ndiyo maana nimeliweka mwisho.

Mkiona ugumu katika Jumapili, Jumamosi pia inafaa, nitamwomba shemeji awahi. Na mkiona ugumu katika yote, basi njoo wewe mwenyewe kwenye kikao, ukae kwenye kile kigoda, uieleze familia yangu kwa nini mliahidi giza mkaleta mwanga.

Nisalimie wote hapo ofisini, madereva, wapanda nguzo, na mzee wa getini anayetuelekeza dirisha lisilo sahihi kwa upole mkubwa. Umsalimie kipekee yule dada wa kwenye simu anayetuambia tuko wa thelathini na nane kwenye foleni. Mwambie sauti yake hapa kwetu tumeizoea kama ya ndugu, na mama mkwe huwa anamwitikia.

Ni mimi mteja wako, niliyeachwa kwenye mwanga bila ridhaa yangu,

Mtunza Stoo
(mtaani: Sasa Hivi)

Nyongeza: Ndugu Meneja, bahasha nilikuwa nimeshaigundisha. Nimeifungua tena kwa mvuke wa birika la umeme, ambalo leo linachemka bila matatizo yoyote, na sababu yake utaiona sasa.

Mke wangu amerudi kutoka kazini. Anasema huko kwenye duka la dawa hakuna habari nyingine ila giza, kwamba mji mzima ulikatika jana saa tatu asubuhi na haukurudi hadi leo saa nne na nusu, mtaa wetu ukiwemo, na kwamba nguzo ya pale kona ndiyo iliyokuwa chanzo. Nikamwambia amekosea, sisi tulikuwa na umeme muda wote. Akanitazama. Akaitazama inveta. Kisha akaanza kucheka hadi ikabidi aketi kwenye kile kigoda changu.

Tukamgeukia mama. Alikuwa anapanga kete. Akasema yeye alijua tangu taa zilipopepesa, kwa sababu fundi alimweleza vizuri: umeme ukikatika mashine inajiwasha yenyewe, ila haipendi birika wala pasi, na kile kitufe chekundu ni cha kuzimia. Nikakikumbuka kidole changu. Nikazikumbuka zile mara tatu alizoniambia ni zamu yangu. Nikamuuliza kwa nini hakunieleza, nami nimekaa pale kwa saa tisa nzima na koti la mvua.

"Mwanangu," akasema, "mwaka mzima hujatulia kwa ajili ya ile dawa. Jana nilikuona unalinda, nikasema acha alinde. Mimi kazi yangu ilikuwa kulinda kidole."

Tumefungua friji. Dawa ina baridi. Saa ishirini na tano na nusu za giza, ndugu Meneja, na dawa ya mama ina baridi. Nilisimama pale mlango wa friji uko wazi hadi nikaambiwa nifunge, baridi inatoka.

Kwa hiyo malalamiko ya 1 hadi 8 nayafuta, isipokuwa ile michezo sita ya drafti, ambayo naihamishia kwa mhusika. Vijana wenu wa nguzo nawaomba radhi, na vigelegele vyao nitakuja kuvipiga mwenyewe hapo ofisini. Fidia ya giza siitaki tena. Nakusihi Jumapili msiukate hata kwa bahati mbaya. Ninachoomba sasa ni barua moja fupi yenye mhuri, ikithibitisha kwamba mlitukatia, tena mlitukatia kweli, kuanzia saa hiyo hadi saa hiyo. Nimempigia shemeji kumweleza, na amesema asubuhi nilimwambia haukukatika, mchana namwambia ulikatika, sasa ashike lipi. Mama alichukua simu akamwambia ashike usukani aje kula chakula cha Jumapili, maana yeye haendi popote, barua ije isije. Lakini mimi unanijua, ni mtu wa maandishi.

Na kile kitufe nimeshakibandika karatasi. Imeandikwa kwa herufi kubwa: KISIGUSWE, HASA NA BABA. Maneno ni ya mama, mwandiko ni wangu.